Jinsi ya kupiga hesabu ya mzigo wa kupoza jengo kabla hujachagua AC: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Mafundi wenzangu na nyie mnaojenga, leo tulichukue hili jambo taratibu maana linafanywa kwa mazoea kila siku. Mtu anaingia chumbani, anapima urefu mara upana, anazidisha na 600, anapata BTU (kipimo cha uwezo wa AC kupoza), anaagiza mashine, basi. Hajauliza jua linapiga upande gani, juu kuna paa au kuna floo nyingine, watakaa watu wangapi humo, vioo vina ukubwa gani. Hiyo 600 kwa mita ya mraba inaweza ikaangukia karibu na ukweli kwenye chumba kimoja alafu ikakosea vibaya kwenye chumba cha pili chenye ukubwa uleule kabisa, na wewe hutajua imekosea mpaka mteja aanze kupiga simu.

Na kukosea sio kwa kupunguza tu. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja, wanalalamika AC haifai, nikakuta mashine kubwa karibu mara mbili ya inayohitajika. Wafanyakazi wamevaa masweta lakini ngozi zao zinanata. Karatasi kwenye printa zimejikunja pembeni, ukisogeza kabati nyuma yake ukuta una ukungu mweusi. Nikatoka nje kuangalia bomba la maji ya AC, kavu, halidondoshi kitu. Mashine inawaka dakika chache, chumba kinafika joto lililosetiwa, inazima, baada ya muda inawaka tena. Sasa koili, yaani yale mabomba ya baridi ndani ya AC, ili ikamue maji hewani inataka muda, inabidi ipoe, maji yajikusanye juu yake, yatiririke mpaka kwenye trei. Ile ilikuwa inazima kabla hata maji hayajaanza kutiririka. Kwahiyo ukubwa ndio ulikuwa ugonjwa, na aliyeifunga alidhani anamsaidia mteja.

Kwanza tuelewane mzigo wa kupoza ni nini

Mzigo wa kupoza ni kasi ambayo mashine inabidi itoe joto chumbani ili chumba kibaki kwenye hali unayoitaka. Unapimwa kwa wati, au BTU kwa saa, au tani. Wati 1 ni BTU 3.412 kwa saa, na tani 1 ni BTU 12,000 kwa saa ambayo ni kilowati 3.517. Hiyo tani imetoka enzi za barafu, ni joto linalohitajika kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu (paundi 2,000) kwa masaa 24.

Joto lenyewe lipo la aina mbili na hapa ndipo watu wengi wanateleza. Kuna joto kavu, lile linalosomeka kwenye kipimajoto. Alafu kuna joto fiche, lililobebwa na mvuke wa maji hewani, kipimajoto hakilioni lakini mashine inalilipia kila inapogeuza mvuke kuwa maji. Hesabu yako lazima iwe na safu mbili tangu mwanzo mpaka mwisho, kavu na fiche, ukizichanganya mapema hutaweza kuchagua mashine vizuri.

Kitu cha pili, joto linaloingia chumbani saa hii sio mzigo wa saa hii. Jua likipita kwenye kioo halipashi hewa moja kwa moja, linapasha sakafu, meza, kuta, alafu hivyo vitu ndo vinaachia joto kwa hewa polepole. Shika ukuta wa zege wa magharibi saa 2 usiku, jua limezama zamani lakini ukuta bado wa moto. Huo ucheleweshaji ndio unaofanya hii kazi iwe na majedwali, ingekuwa hakuna ucheleweshaji ingekuwa kuzidisha tu.

Hatua ya 1: kusanya taarifa zote

Chukua ramani lakini nenda na saiti, ramani na jengo mara nyingi haviendani. Andika vipimo vya kila ukuta, kila dirisha, urefu wa chumba mpaka siling, na kila ukuta unaelekea wapi, kwa dira, usikisie. Andika kila ukuta umejengwa na nini tabaka kwa tabaka. Nyuma ya kila ukuta kuna nini, nje, korido isiyo na AC, au chumba chenye AC? Juu kuna nini na chini kuna nini. Watu wangapi na wanakaa saa ngapi mpaka saa ngapi, taa aina gani, mashine gani zinawashwa. Na kivuli cha majengo ya jirani au miti, japokuwa mti mimi siuhesabu maana unaweza ukakatwa kesho.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Ofisi ya mita 8 kwa 6, eneo mita za mraba 48, urefu mita 3, iko floo ya juu kabisa. Ukuta wa mita 8 unaelekea magharibi na una dirisha la mita za mraba 6. Ukuta wa pili wa mita 8 unapakana na korido isiyo na AC. Kuta mbili za mita 6 zinapakana na ofisi zenye AC, na chini pia kuna AC, kwahiyo hizo hazina mzigo. Watu 8, kila mtu na kompyuta yake, printa moja, taa za LED.

Hatua ya 2: chagua hali ya nje na ya ndani

Ndani kwa ofisi na nyumba ya kawaida chukua digrii 24 na unyevu asilimia 50. Nje usichukue siku ya joto kali kuliko zote iliyowahi kutokea, utaishia na jimashine la ajabu. Wahandisi wanatumia joto linalopitwa kwa asilimia ndogo ya masaa ya mwaka, 0.4, 1 au 2. Ukichagua asilimia 1, kati ya masaa 8,760 ya mwaka ni masaa kama 88 tu ambayo nje kutakuwa na joto zaidi ya ulilokadiria, na ukichagua 0.4 ni masaa kama 35. Data hizo zinatolewa kwa vituo vya hali ya hewa vya dunia nzima na chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, tafuta kituo kilicho karibu na jengo lako.

Mfano wetu nje ni digrii 33 kavu na digrii 26 za kipimajoto chenye utambi wa maji (ndicho kinachotuonyesha unyevu wa hewa), na kati ya mchana na usiku joto linapishana digrii 10, kwahiyo wastani wa siku ni 28. Ukienda kwenye chati ya hewa na unyevu, nje utapata gramu 18.4 za maji kwa kila kilo ya hewa kavu, ndani gramu 9.3. Tofauti gramu 9.1, yaani 0.0091 kilo kwa kilo. Hiyo namba itunze, ndio itakayokupa joto fiche la hewa. Chati yenyewe msingi wake uliwekwa na Willis Carrier, ambaye 1902 alibuni mfumo wa kudhibiti unyevu kwenye kiwanda cha uchapishaji Brooklyn, tatizo lilikuwa karatasi kutanuka na kusinyaa. Yaani hii fani yetu ilianzia kwenye unyevu kabla ya ubaridi, na leo unyevu ndio tunaousahau.

Hatua ya 3: tafuta thamani ya U ya kila ukuta na paa

Thamani ya U ni wati ngapi zinapita kwenye mita moja ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti. Unaipata kwa kujumlisha ukinzani wa kila tabaka alafu unagawanya 1 kwa jumla hiyo. Ukinzani wa tabaka ni unene kwa mita gawanya na upitishaji joto wa hicho kitu. Usisahau tabaka nyembamba za hewa zinazoganda kwenye uso wa ukuta, nje na ndani, nazo zinazuia joto.

Ukuta wetu wa magharibi ni bloku la milimita 200 lenye matundu na plasta pande zote. Hewa ya nje 0.044, plasta ya milimita 15 ni 0.015 gawanya 0.72 sawa na 0.021, bloku 0.18, plasta ya ndani 0.021, hewa ya ndani 0.12. Jumla 0.386. Moja gawanya 0.386 ni 2.59, tuseme 2.6. Hiyo ni U kubwa, ukuta wa bloku tupu ni mlango wa joto.

Paa letu ni slabu ya zege na siling bodi chini yake bila insulesheni, kwa njia hiyohiyo inakuja kama 1.6. Ukuta wa korido ni bloku jembamba, hewa ya ndani pande zote mbili, 2.3.

Hatua ya 4: mzigo wa kuta na paa

Hapa hutumii tofauti ya kawaida ya joto la nje na ndani, maana ukuta unaopigwa jua unapata joto kuliko hewa, alafu unachelewa. Ndio maana kuna namba inaitwa CLTD, ni tofauti ya joto ya kufikirika ambayo ndani yake jua, hewa na ucheleweshaji vimeshapikwa pamoja. Unaisoma kwenye jedwali kulingana na aina ya ukuta, unaelekea wapi, na saa. Kisha:

Mzigo = U × eneo × CLTD iliyorekebishwa

Na kurekebisha ni hivi: CLTD ya jedwali + (25.5 − joto la ndani) + (wastani wa joto la nje − 29.4). Kwetu ni 25.5 − 24 = 1.5, na 28 − 29.4 = −1.4, jumla ni 0.1, haibadilishi kitu. Lakini usiruke hili zoezi, sehemu nyingine inaweza ikakuongezea digrii nne tano.

Na hapa naomba msikilize vizuri. Yale majedwali ya zamani ya CLTD yalitengenezwa kwa latitudo 40 kaskazini, tarehe 21 Julai. Ukiwa karibu na ikweta au kusini yake ukayatumia kama yalivyo unajidanganya. Kusini mwa ikweta ukuta unaokula jua la mchana ni wa kaskazini, na karibu na ikweta jua linahama, miezi mingine linapiga ukuta wa kaskazini miezi mingine wa kusini, kwahiyo inabidi uangalie miezi zaidi ya mmoja. Kuna majedwali ya masahihisho ya latitudo na mwezi, yatumie. Kama una programu ya kompyuta tumia njia mpya zaidi, ASHRAE waliingiza njia ya mfululizo wa mionzi kwenye kitabu chao cha misingi cha 2001, ni nzuri ila kwa mkono itakuchosha. Kwa kujifunza CLTD bado haina mpinzani, unaona joto linatoka wapi kwa macho yako.

Turudi kwenye mfano. Saa tunayopigia hesabu ni saa 10 jioni kwasababu dirisha liko magharibi. Tuseme baada ya masahihisho yote ukuta ni 11 na paa 20.

Ukuta: mita za mraba 24 toa dirisha 6 zinabaki 18. 18 × 2.6 × 11 = wati 515.
Paa: 48 × 1.6 × 20 = wati 1,536.
Ukuta wa korido: hauna jua, na korido huwa na nafuu kidogo kuliko nje, kawaida tunachukua nje toa 3, yaani digrii 30, tofauti 6. 24 × 2.3 × 6 = wati 331.

Angalia paa lilivyo, mara tatu ya ukuta wa magharibi. Chumba hikihiki kingekuwa floo ya chini yake hiyo 1,536 ingekuwa sifuri, na yule wa mara 600 angewapa wote wawili mashine moja.

Hatua ya 5: vioo

Dirisha linahesabiwa mara mbili. Kwanza joto linalopita kwa tofauti ya hewa: kioo kimoja cheupe U ni kama 5.8, kwahiyo 6 × 5.8 × 9 = wati 313. Pili jua lenyewe:

Jua = eneo × mionzi ya juu kabisa ya upande huo × kipimo cha kivuli × CLF

Kipimo cha kivuli ni kiasi cha jua ambacho kioo na kivuli chake vinapitisha, kikiwa kidogo jua linaloingia ni dogo. CLF ni sehemu ya hilo jua ambayo imeshageuka kuwa mzigo kwa saa unayoihesabu. Kioo kitupu cheupe cha milimita 6 kipimo chake cha kivuli ni kama 0.94, ukiweka blaindi nyeupe ndani kinashuka, hapa nimechukua 0.58. Mionzi upande wa magharibi tuchukue wati 680 kwa mita ya mraba na CLF 0.82. Inakuja 6 × 680 × 0.58 × 0.82 = wati 1,940.

Mita sita tu za kioo hizo! Na blaindi imeshafungwa. Blaindi ya ndani inazuia jua likiwa limeshaingia, inarudisha kidogo nje kupitia kioo na linalobaki linakuwa joto la chumba. Kivuli cha nje, iwe kibaraza, mapezi ya zege au shata, kinalizuia kabla halijafika kwenye kioo. Ila magharibi na mashariki jua linakuja chini karibu na usawa wa macho, kibaraza cha mlalo peke yake hakitoshi, pale unataka mapezi ya wima au shata.

Hatua ya 6: vilivyomo ndani

Watu. Mtu anayefanya kazi za ofisi anatoa kama wati 75 za joto kavu na 55 za joto fiche. Aliyekaa anaangalia onyesho ni kama 65 na 30, anayecheza dansi 90 na 160, na anayefanya mazoezi makali jimu 210 na 315. Ona joto fiche linavyoruka, jimu na ukumbi wa dansi ukiuhesabu kama ofisi umeumia. Sisi: 8 × 75 = 600 kavu, 8 × 55 = 440 fiche.

Taa: wati 8 kwa mita ya mraba, 48 × 8 = wati 384.

Vifaa: usichukue namba iliyoandikwa kwenye kibandiko nyuma ya mashine, ile ni kiwango cha juu cha umeme inachoweza kuvuta, matumizi halisi ya vifaa vya ofisi huwa chini sana, mara nyingi robo mpaka nusu. Kama una mita ya kuchomeka kwenye soketi pima. Nimechukua wati 100 kwa kila kompyuta na skrini yake, 800, na printa 150, jumla 950. Vitu vya jikoni au saluni ni habari nyingine, vinatoa mvuke, andika na safu ya joto fiche.

Hatua ya 7: hewa ya nje

Hewa safi ya kupumulia, kwa ofisi kiwango cha ASHRAE 62.1 ni lita 2.5 kwa sekunde kwa kila mtu ukijumlisha lita 0.3 kwa kila mita ya mraba. 8 × 2.5 = 20, 48 × 0.3 = 14.4, tunafanya lita 35 kwa sekunde.

Joto kavu = 1.23 × lita × tofauti ya digrii = 1.23 × 35 × 9 = wati 387.
Joto fiche = 3,010 × lita × tofauti ya unyevu = 3,010 × 35 × 0.0091 = wati 959.

Joto fiche ni zaidi ya mara mbili ya kavu. Ukiangalia digrii peke yake hutaliona kabisa.

Alafu kuna hewa inayojipenyeza yenyewe kwenye mianya ya milango na madirisha. Tuchukue robo na kitu, 0.3 ya ujazo wa chumba kwa saa: 144 × 0.3 ni mita za ujazo 43, sawa na lita 12 kwa sekunde. Kavu 133, fiche 329. Kama mlango unafunguliwa kila dakika, kama duka, ongeza, usiwe mchoyo hapa.

Zile 1.23 na 3,010 ni za usawa wa bahari. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, kwenye mita 1,600 ile 1.23 inashuka mpaka karibu 1.01, na ya pili inashuka kwa uwiano huohuo.

Hatua ya 8: jumlisha

Joto kavu la chumba: ukuta 515, paa 1,536, kioo 313 na 1,940, korido 331, watu 600, taa 384, vifaa 950, hewa ya mianya 133. Jumla wati 6,702.
Joto fiche la chumba: watu 440, mianya 329. Jumla 769.
Hewa safi: kavu 387, fiche 959.

Kwa pamoja kavu 7,089, fiche 1,728, jumla kuu wati 8,817.

Nyongeza ya usalama weka moja tu na weka mwishoni, mimi naweka asilimia 5 kama taarifa zangu ni nzuri. Ugonjwa mkubwa ni kuongeza kila hatua, asilimia 10 kwenye U, 10 kwenye watu, 20 mwishoni, kwenye mfano wetu unakuta umeongeza kama asilimia 25 bila kujijua, na hapo ndipo zile ofisi za masweta zinapozaliwa. Kwetu 8,817 × 1.05 = wati 9,258, sawa na BTU 31,600, tani 2.6. Njia ya mara 600 ingesema 28,800.

Lakini usiishie saa moja. Rudia hesabu kwa saa 4 asubuhi, saa 6, saa 8 mchana, saa 10 na saa 12 jioni, uone kilele kiko wapi. Weka kwenye Excel, ukishatengeneza jedwali mara moja linabaki kubadilisha namba tu.

Hatua ya 9: kuchagua mashine

Namba ya BTU iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa kwa hali maalumu, nje digrii 35, ndani 27 kavu na 19 za utambi. Ofisi yetu ndani ni 24 na utambi ni kama 17, kwahiyo mashine itatoa pungufu ya ilichoandika. Omba jedwali la uwezo la mtengenezaji, angalia mstari wa hali yako, na angalia safu zote mbili, uwezo wa jumla uzidi 9,258 na uwezo wa joto kavu uzidi 7,443 (ile 7,089 na asilimia 5 yake). Kuna mashine inafaulu jumla inafeli kavu.

Kwa hapa ningeanza kuangalia mbili za BTU 18,000 badala ya moja ya 36,000. Asubuhi mzigo ukiwa mdogo moja inatosha, inakaa imewaka muda mrefu inakamua unyevu, na moja ikiharibika watu hawafungi ofisi. Zile za inveta zinajipunguza zenyewe, zinasamehe kidogo, ila nazo zina kiwango cha chini ambacho haziwezi kushuka zaidi.

Jengo lenye vyumba vingi

Kila chumba kina kilele chake, ila mashine kuu haijumlishi vilele. Tuseme upande wa mashariki unafika kilowati 10 saa 3 asubuhi na kufika saa 10 jioni uko 6, na wa magharibi ni kinyume chake. Vilele ukivijumlisha unapata 20, lakini hakuna saa hata moja ambayo jengo linataka zaidi ya 16. Mashine kuu ni ya 16, mabomba na feni za kila upande ni za 10. Kama unafunga mashine ndogondogo kila chumba peke yake hapo ndo kila moja inafuata kilele cha chumba chake.

Kabla hujamwambia mteja anunue

Rudi kwenye orodha uangalie nani kachukua kikubwa. Kwetu ni kioo na paa. Insulesheni ya milimita 50 juu ya siling inashusha U ya paa kutoka 1.6 mpaka 0.5, mzigo unakuwa 48 × 0.5 × 20 = wati 480, umeokoa 1,056. Mapezi ya nje kwenye dirisha yakikata jua nusu umeokoa 970 nyingine. Jumla mpya 6,791, na asilimia 5 ni wati 7,130, BTU 24,300. Sasa unaangalia 18,000 moja na 9,000 moja badala ya mbili za 18,000, na umeme wa kila mwezi unashuka miaka yote ya jengo. Mwonyeshe mteja hayo majedwali mawili sambamba, mwache aamue kama hela aiweke kwenye siling au kwenye mashine.

Na ukishafunga rudi saiti siku ya joto, mchana watu wakiwa wamejaa, ukiwa na ndoo. Wati 1,728 za joto fiche ni kama lita mbili na nusu za maji kwa saa. Kinga mabomba yote ya maji ya chumba hicho kwa saa nzima alafu pima. Ukipata kama lita mbili na kitu mashine inakamua kama ulivyohesabu, ukipata kikombe kimoja anza kutafuta, aidha mashine ni kubwa inazimazima, au hewa safi haiingii, au koili haipoi inavyotakiwa.